Unataka kuacha nyama, maziwa na mayai? Anza hapa

Siku niliyomwambia mama mkubwa kwamba sili nyama tena, aliniwekea paja la kuku. Hakufanya inda. Kwake, na kwa watu wengi nilikokulia Tanga, nyama ni ya ng'ombe na mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki. Nikajaribu njia nyingine: "Nakula mboga tu, mama." Akanishangaa, maana siku hiyo mboga yenyewe ilikuwa samaki wa nazi. Kwetu mboga ni chochote kinachoteremshia ugali au wali, kiwe mchicha, kiwe utumbo.

Sasa ni mwaka wa sita tangu siku ile. Wanaoniuliza jinsi ya kuanza huwa wanadhani shida itakuwa chakula: wapi watapata maziwa ya lozi, jibini la korosho, vitu vya bei ya juu vya supamaketi. Chakula tunacho, na tumekuwa nacho siku zote. Kinachowarudisha watu nyuma ni kutojua sawasawa kwa nini wameacha, na kushindwa kulisema jambo lenyewe kwa maneno ambayo mpishi ataelewa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hayo, pamoja na vitamini moja ambayo sitaki mtu yeyote aipuuze.

Hatua ya 1: Jua unachokiacha

Kuna mla mboga na kuna vegani. Wahindu wengi na Wajaini (wafuasi wa dini nyingine yenye asili ya India) wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam hawajala nyama kwa vizazi, lakini maziwa, mtindi na samli vimo kwenye mapishi yao kila siku. Vegani anaacha na hivyo. Hali nyama, kuku, samaki, dagaa wala kamba, hali mayai, hanywi maziwa wala hatumii siagi, samli na jibini, na asali pia anaiacha, kwa kuwa ni chakula alichojiwekea nyuki.

Neno lilizaliwa Uingereza, Novemba 1944. Donald Watson na wenzake wachache walijitenga na wala mboga waliokuwa bado wanakunywa maziwa, wakachukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno la Kiingereza la mla mboga, wakapata "vegan". Jarida lao lilianza na watu 25 waliojiandikisha. Siku hizi tarehe 1 Novemba huadhimishwa duniani kuwa siku ya vegani. Jambo lenyewe ni la kale kuliko neno: Abu al-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Syria aliyefariki mwaka 1057, aliacha nyama, samaki, maziwa, mayai na asali, akaandika mashairi ya kueleza kwamba kuvichukua ni kuwadhulumu wanyama.

Maelezo ya chama alichoanzisha Watson yana maneno muhimu sana: kuepuka matumizi ya wanyama "kadiri inavyowezekana na kutekelezeka". Yashike. Kama daktari amekuandikia dawa iliyo ndani ya kapsuli ya jelatini, inywe. Kama ni chanjo, chanjwa. Hakuna anayekudai ujidhuru.

Hatua ya 2: Andika sababu yako

Chukua karatasi uandike sentensi moja tu: naacha kwa sababu gani? Usiiruke hatua hii. Sababu ndiyo itakayoamua mipaka yako iwe wapi, na ndiyo utakayoishika jioni moja mishkaki inaponukia kituo cha daladala nawe una njaa.

Wengi huanza kwa ajili ya wanyama, na mimi ni mmoja wao. Nilikuwa naona kuku wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini kwenye pikipiki, juani, kutoka stendi hadi sokoni. Nikaanza kuuliza yale nisiyoyaona. Broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, yaani bado kifaranga mwenye mwili mkubwa. Kwenye kuku wa mayai, vifaranga madume hawatagi wala hawanenepi upesi, kwa hiyo sehemu nyingi duniani viwanda vya kutotolesha huwaua siku ileile wanapoanguliwa. Ujerumani imepiga marufuku jambo hilo tangu 2022. Na ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae. Kwenye ufugaji wa biashara ndama hutenganishwa na mama yake mapema ili maziwa yauzwe. Nilipolielewa hili la ndama, chai ya maziwa ilinishinda kabla ya nyama kunishinda. Mtu mwenye sababu hii kwa kawaida hataishia kwenye sahani. Atafika kwenye viatu vya ngozi, mkoba na godoro la sufi la bibi, ambalo halina neno kwa sababu sufi ni ya mti wa msufi.

Wengine wanatazama mazingira. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Sehemu kubwa ni methani anayoitoa ng'ombe akicheua. Mwaka 2018 Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha hesabu zilizokusanywa kutoka mashamba zaidi ya 38,000 katika nchi 119: vyakula vya wanyama vinachukua asilimia 83 ya ardhi ya kilimo, na vinatupa asilimia 18 tu ya nishati tunayokula. Lakini nakuomba usizichukue takwimu hizi ukamhukumu nazo mfugaji wa Longido au Turkana. Ardhi yake haistawishi maharage. Ng'ombe na mbuzi ndio wanaogeuza nyasi kavu kuwa chakula. Sababu ya mazingira inamhusu zaidi mtu wa mjini anayeweza kuchagua kati ya nyama na kunde kwenye duka lilelile.

Afya ndiyo sababu inayotajwa sana kwetu, hasa baada ya mtu kupimwa presha au kisukari. Ina msingi wake: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na nyama ya kopo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Hata hivyo chipsi, soda na maandazi ya mafuta mengi vinaweza visiwe na mnyama ndani yake, na havitamponya mtu. Ukiacha kwa ajili ya afya, pambana na sukari, chumvi na mafuta pia. Na kama unatumia dawa za kisukari au presha, mwone daktari kabla hujabadili chakula, kwa kuwa sukari na presha zinaweza kushuka ikabidi dozi ipunguzwe.

Halafu kuna imani. Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia huacha nyama, maziwa na mayai karibu kila Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka. Marasta wengi hufuata ulaji wa aitali, yaani chakula cha asili kisichosindikwa. Miongoni mwa Wasabato, ambao Upareni na Kisii ni wengi, wapo wasiogusa nyama kabisa. Wote hao si vegani kwa maana ya Watson, lakini wana ujuzi wa miaka mingi wa kupika bila mnyama, na mimi nimejifunza kwao kuliko kwenye video. Ukiwa Nairobi, ingia mkahawa wa Kihabeshi uagize beyaynetu ya mfungo: injera (mkate mwembamba mchachu) moja kubwa iliyopangwa shiro ya unga wa dengu, adesi, kabichi na mboga za majani. Utashiba, wala hutalazimika kumweleza mtu.

Hatua ya 3: Jifunze kulisema

Usiseme "sili nyama". Usiseme "nakula mboga". Sema vitu kwa majina: "Sili nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa wala samli." Ni ndefu, lakini hainipi matatizo.

Kwa mama ntilie au kibandani, swali la kuuliza ni hili: "Maharage umeyaunga kwa kitu gani?" Kama ni nazi au mafuta ya alizeti, kaa ule. Kama yameongezwa supu ya nyama ili yanoge, atakwambia bila kuficha, kwa sababu kwake hiyo ni sifa. Usiombe "mchuzi mtupu". Mchuzi mtupu ni mchuzi uleule wa nyama, minofu imetolewa. Sukuma wiki na kabichi uliza kama zimekaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Chapati uliza maziwa, mayai na samli. Chipsi kavu ni viazi tu, ila mara nyingi mafuta yamekwisha kukaanga kuku; wewe ndiye utakayeamua kama hilo linakuzuia. Chai sema ya rangi, na Kenya sema strungi mapema, kabla haijamiminwa, maana huko ukisema chai utapewa ya maziwa.

Nyumbani ni vigumu zaidi. Miezi ya mwanzo nilimpa mama mkubwa orodha ya vitu nisivyokula. Kila nikiitaja naona uso wake unabadilika, na baadaye nikaelewa: alikuwa anasikia kwamba jiko lake lina makosa. Nikabadili. Siku moja nikampigia simu, "Shikamoo mama, nakuja Jumamosi. Nina hamu ya mbaazi zako za nazi, zile za Ramadhani." Nilipofika zilikuwa mezani, pamoja na mahamri aliyoyakanda kwa tui. Omba chakula kwa jina lake. Kunde, kisamvu, mchicha wa nazi, makande, githeri, mihogo ya nazi, ndizi za karanga, vyote hivyo wazazi wetu wanavipika kwa fahari, na wengi wamelea watoto kwa vyakula hivyo.

Utaambiwa pia, hasa pwani: "Unaharamisha alichohalalisha Mungu?" Swali hili ni zito, lijibu kwa heshima. Mimi husema sijaharamisha kitu, na nyama kwa anayeila ni halali yake. Mimi nimechagua kutoila, kama mtu anayeacha sukari. Tangu nijibu hivyo sijawahi kugombana na mtu. Na usidanganye kwamba una mzio. Uongo huo utavuja siku ya kwanza tu utakapokula keki bahati mbaya.

Hatua ya 4: Panga sufuria

Watu huuliza protini. Tufanye hesabu. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takribani gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Konzi ya karanga, gramu 30 hivi, ina 7. Gramu 100 za unga wa mahindi, ambazo ni ugali wa kawaida, zina kama 8. Uji wa ulezi wenye karanga asubuhi, ugali na maharage mchana, wali na choroko usiku: umeshafika, bila kununua kitu kigeni. Lakini lazima jamii ya kunde iwepo kila siku. Anayekula ugali na mchicha tu hatafika, na huyo ndiye ambaye jirani humwona kakonda, akasema uvegani ni mateso.

Maharage yakikujaza gesi, punguza uanze na nusu kikombe kwa siku wiki ya kwanza, tumbo huzoea. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Choroko na adesi ni laini zaidi kwa anayeanza.

Ukiacha dagaa na nyama, kitakachokosekana kwanza ni ladha. Kaanga ufuta mpaka unukie, utwange, unyunyize juu ya mchicha. Weka karanga zilizosagwa, nyanya chungu, kitunguu saumu kingi, na limau mwishoni. Kisamvu kitwange na ukichemshe kwa muda wa kutosha, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu. Kwa ndugu zetu wa Kongo, sombe, yaani kisamvu chao, mara nyingi hutiwa samaki wakavu. Mwambie mpishi atumie mawese na karanga.

Na hizi ndizo mbaazi za mama mkubwa. Loweka vikombe viwili vya mbaazi kavu usiku, chemsha mpaka zilainike bila kupondeka. Chukua nazi moja kubwa, ikune. Kamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, weka pembeni. Tia maji kwenye machicha, kamua tui la pili, limimine kwenye mbaazi pamoja na kitunguu, binzari ya manjano, chumvi na pilipili mbichi mbili nzima zisizopasuliwa. Koroga taratibu tui lisikatike. Likishapungua, tia kasimile, punguza moto, subiri dakika kama nane. Zikikaa usiku mmoja zinakuwa tamu zaidi.

Hatua ya 5: Vitamini B12, usiiache

Hapa sina mjadala na mtu. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, na hakuna mmea unaoweza kuutegemea kukupa. Mwani hauaminiki. Spirulina ina aina inayofanana nayo lakini mwili hauitumii. Togwa na vyakula vingine vilivyochachuka havitoshi. Ini huweka akiba, kwa baadhi ya watu ya miaka kadhaa, ndiyo maana mtu hujisifu mwaka wa kwanza kwamba hana shida. Kisha huja uchovu, upungufu wa damu, ganzi mikononi na miguuni, kusahau. Mishipa ya fahamu ikiharibika kwa muda mrefu inaweza isirudi.

Tiba ni rahisi: kidonge cha mikrogramu 10 kila siku, au kimoja cha mikrogramu 2,000 kwa wiki. Famasi nyingi zitakupa vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Hivyo si vya kumeza kila siku kwa miaka, kwa sababu B6 nyingi kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa ya fahamu. Uliza B12 peke yake, au multivitamini ya kawaida yenye B12, usome kiasi kwenye chupa. Kama ni mjamzito, mwambie nesi wa kliniki kwamba huli vitu vya wanyama: foliki asidi unayopewa inaweza kuficha dalili za damu za upungufu wa B12 huku mishipa ikiendelea kuumia.

Mengine ni mepesi. Madini ya chuma yamo kwenye kunde na mboga za majani, na mwili huyachukua vizuri ukila pamoja na chungwa, limau au ubuyu. Chai na kahawa huyazuia, kwa hiyo ziache zipite saa moja baada ya kula. Tumia chumvi yenye madini joto. Kwa kalsiamu, sukuma wiki na kabichi ni bora kuliko spinachi na mchicha, ambazo zina oksaleti inayoishika kalsiamu isifike mwilini. Na toka nje uote jua, mwili upate vitamini D.

Hatua ya 6: Soma pakiti

Vitu vichache vya kukariri: jelatini ni ya mifupa na ngozi, imo kwenye pipi za kutafuna na baadhi ya yogati, kaseini na whey ni za maziwa, E120 (namba zenye E ni za viungo vinavyoongezwa kiwandani) ni rangi nyekundu ya wadudu, E901 ni nta ya nyuki. Lesithini (E322) kwa kawaida ni ya soya. Mkate soma kama una maziwa ya unga, na majarini vilevile. Viungo vya kuongeza ladha vya vipande soma kila mara, hata vyenye picha ya karoti.

Viatu na mikoba ya ngozi uliyonayo tayari, itumie mpaka ichakae. Kuitupa hakumsaidii mnyama yeyote.

Hatua ya 7: Harusi, misiba na Idi

Pilau ya shughuli hupikwa kwa supu ya nyama, hivyo kuchambua minofu hakusaidii. Kula nyumbani kabla hujatoka. Kwenye sinia, kaa na watu, kula kachumbari, ndizi, tikiti. Wengi hawaoni mkono wako unakwenda wapi. Kama shughuli ni ya ndugu, nenda jikoni mapema, usaidie kumenya vitunguu, uombe sufuria ndogo ya wali mweupe itengwe kabla supu haijaingia. Nimefanya hivyo mara nyingi, na kila mara kina mama waliokuwa wanapika wamenikubalia, kwa sababu nilikuwa nimeshika kisu pamoja nao.

Idi ya kuchinja jirani ataleta mfuko wa nyama. Wapo vegani wanaoukataa mlangoni. Mimi naupokea kwa mikono miwili, nashukuru, na naupeleka nyumba ya tatu yenye watoto wengi. Zawadi yake imefika kwa mtu wa kula.

Hatua ya 8: Pima, na uwe mwangalifu na watoto

Baada ya miezi mitatu pima wingi wa damu, na B12 kama hospitali iliyo karibu inapima. Kisha rudia kila mwaka. Mtoto mchanga anyonyeshwe, kwani maziwa ya mama ni yake kwa haki, na mama anayenyonyesha asikose B12. Lakini usimwachishe mtoto ukampa maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani au tui badala ya lishe yake; tui ni mafuta, halina protini ya kumtosha. Kabla hujambadilishia mtoto yeyote chakula, nenda kwa afisa lishe wa wilaya au wa hospitali na kadi yake ya kliniki, ueleze unachopika nyumbani sufuria kwa sufuria.